Dogo kakamatwa na bangi, hati ya mashtaka inasema "kusafirisha". Wakili wa jinai hapa Dodoma (Dom) napataje?

Kaka wa Boda
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu anapiga boda, kijiwe chake kiko huku Nkuhungu, juzi kati kapewa begi na mteja alipeleke stendi, njiani akasimamishwa, kufungua begi ikakutwa bangi kwenye mifuko ya sandarusi. Mteja hapatikani kwenye simu mpaka leo. Dogo kalala selo, akapandishwa mahakamani, akasomewa eti ni uhujumu uchumi, hakimu akasema hatakiwi kujibu chochote, kesi ikaahirishwa akapelekwa gereza la Isanga. Sisi tunajua alikutwa nayo tu, hilo la kusafirisha limetoka wapi? Halafu pale nje ya mahakama kuna jamaa wa suti anataka laki tano, anasema dogo akubali kosa atapigwa faini aende nyumbani. Mama keshaanza kutafuta mteja wa mbuzi. Naombeni mwongozo.

Mgogo wa Bahi
Usitoe hata mia kwa huyo wa suti. Mbuzi wabaki zizini.

Karani Mstaafu
Pole sana kijana. Kaombe nakala ya hati ya mashtaka, angalia kifungu na uzito, maneno ya mtaani weka pembeni kwanza. Kwenye sheria ya dawa za kulevya ya 2015 hilo neno kusafirisha ni pana mno, ndani yake kuna kununua, kuuza, kuhifadhi, kusambaza mpaka kuwa nayo tu, yaani mzigo unaweza ukakutwa uvunguni kwako na ukashtakiwa kwa kusafirisha wala hujatoka nje ya geti. Kifungu cha 17 ndio kile cha kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, hicho kina faini, ila mshtakiwa ndiye anatakiwa aonyeshe ni ya kutumia. Kikiwa 15A, cha kusafirisha, hiyo ni miaka 30 na faini hakuna. Sasa huyo bwana muulizeni, dogo akubali kwa kifungu kipi? Maana ukishakiri mwenyewe mahakamani, rufaa kwa kawaida inabaki ya kulalamikia adhabu tu. Hiyo ya kutojibu isiwatishe, kesi za uchumi mahakama ya chini inasubiri kibali cha DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) ndio iwe na uwezo wa kuisikiliza.

Kaka wa Boda
Asante mzee. Nimeiona, ni 15A, kama kilo moja na nusu. Ndio basi tena?

Dada wa Ofisi ya Wakili
Basi tena wapi kaka. Kwanza kwa uzito huo dhamana haijafungwa, zinazofungwa ni za mizigo mikubwa, andaeni wadhamini wenye NIDA na barua ya mtendaji mapema, na dhamana hainunuliwi. Pili kesi hizi zinabebwa na makaratasi. Muulize dogo, siku ile alisaini hati ya ukamataji, ile karatasi ya vitu vilivyochukuliwa? Kulikuwa na shahidi wa pembeni au polisi wenyewe kwa wenyewe? Begi lilifungwa na kuwekewa alama mbele yake, nani alilipokea kituoni, nani alilipeleka kwa Mkemia Mkuu? Mahakama ya Rufani ilikaa hapahapa Dodoma kwenye rufaa ya jinai namba 110 ya 2007 ikaeleza vizuri huo mtiririko wa kielelezo toka kinakamatwa mpaka kinaletwa mahakamani, na mawakili wanaitumia mpaka kesho. Pia maelezo ya onyo, yaani yale aliyoyatoa polisi alipohojiwa, aliandika saa ngapi, maana sheria inawapa polisi saa nne za kumhoji toka akamatwe, zikizidi bila kuongezwa kihalali wakili anaweza kuyapinga yasipokelewe.

Wakili ulizeni ofisi ya TLS, chama cha mawakili, na kabla hujalipa ingiza jina lake kwenye e-Wakili ya Mahakama uone kama leseni yake iko hai. Vishoka, wale mawakili feki, hawamo humo. Akikubali kazi mpeane risiti na muandikishiane anasimamia mpaka hatua gani, wengine wanalipwa ya dhamana tu halafu familia inalia katikati ya kesi.

Mgogo wa Bahi
Na asiye na hela? Mawakili wa Dom bei zao ni za wabunge hizi.

Dada wa Ofisi ya Wakili
😂 Kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, asiye na uwezo anaweza kuomba kupitia mahakamani au kwa magereza hukohuko Isanga apewe wakili. Ila msaidizi wa kisheria wa kata atakushauri tu, kusimama mahakamani haruhusiwi.

Kaka wa Boda
Nashukuru sana. Simu ya dogo wanayo polisi, na namba ya yule mteja iko humo.

Karani Mstaafu
Hiyo namba ni muhimu, akijitetea kwamba hakujua kilichomo ndani ya begi atahitaji ushahidi. Mwambie wakili aombe mahakama kampuni ya simu itoe rekodi za siku ile. Na wale wenzake wa kijiweni walioona begi likipakiwa, chukua majina yao sasa hivi kabla hawajahama kijiwe.