MREJESHO: Kuepuka kutapeliwa ukitoka usiku nchi ya ugenini

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa nifanyeje nisitapeliwe nikitoka usiku ugenini, maana nilikuwa nasafiri peke yangu. Asanteni sana.

Aliyesema nibebe kadi moja yenye hela kidogo, nyingine ibaki hotelini, Mungu akubariki. Usiku wa pili jamaa wawili wachangamfu kupita kiasi wakanikaribisha baa ya "rafiki yao". Nikaomba menyu kwanza, kama mlivyonifundisha. Ikaja, haina bei hata moja! Nikajifanya napokea simu, nikatoka mdogo mdogo hadi barabarani, nikaita gari kwa programu ya simu na kulinganisha namba ya gari na ile ya kwenye programu kabla ya kupanda.

Nilipofeli ni usiku wa mwisho, tena sehemu ya kawaida tu. Mashine ya kadi ikauliza nilipe kwa pesa ya kule au ya nyumbani. Nikabonyeza ya nyumbani nikidhani ndiyo salama. Kumbe wanakubadilishia kwa kiwango chao, nikakatwa zaidi. Si wizi, ila iliniuma. Chagueni pesa ya nchi mliyopo.

Na ule ushauri wa kutoacha glasi mezani, usije ukawekewa kitu, niliufuata, ingawa kwenda nayo chooni ni kituko.