Mrejesho: mgongo wa mama na upasuaji wa diski

Wakuu, niliuliza kama mama akubali upasuaji wa diski ya L4-L5 (kisahani laini kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno) iliyochomoza na kubana mshipa wa fahamu, maumivu yakimshuka kutoka kiunoni hadi unyayoni. Asanteni sana kwa ushauri. Hakupasuliwa. Daktari wa pili alitueleza kuwa diski nyingi zilizochomoza hunywea zenyewe ndani ya miezi kadhaa, tukaanza fiziotherapia: kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, na kutembea badala ya kushinda kitandani. Sasa maumivu yameuacha unyayo, yamebaki kiunoni na pajani. Mtaalamu anasema hiyo ni dalili njema. Ganzi ya kidole gumba cha mguu bado ipo.

Ila mwenye mgonjwa kama wangu, tafadhali: akishindwa kujizuia mkojo au akifa ganzi sehemu za siri, mkimbize hospitali siku hiyohiyo.