Acheni kumbambikia kila mhusika kasi ya mwanga kwa picha moja! Nimechoka

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sina nia ya kuificha. Jana nimebishana saa tatu na watu wanaojiita wachambuzi wa nguvu za wahusika, yaani wanaopiga hesabu za kasi na nguvu za mashujaa wa katuni na hadithi, na mwishowe nikaambiwa sijui hesabu. Hesabu naijua. Ninachokikataa ni hesabu inayoanzia kwenye picha moja, inaruka hadithi nzima, inatua kwenye "mara elfu ya kasi ya mwanga", halafu anayeuliza imefikaje huko anaporomoshewa matusi.

Tuanze na radi, maana ndiyo kisingizio cha kila siku. Mchawi karusha radi, shujaa kakwepa. Mchambuzi anaandika: mmweko wa radi unakwenda takriban kilomita 100,000 kwa sekunde, jamaa kaukwepa, basi naye ana kasi hiyo hiyo. Hapana! Tuseme radi imetoka kilomita 1 juu na shujaa kasogea mita 1. Muda ambao radi imekula mita 1,000, yeye kala mita 1 tu. Kasi yake ni sehemu moja ya elfu ya kasi ya radi, yaani kilomita 100 kwa sekunde, na hapo nimekubali kila unachodai. Umemzidishia mara elfu nzima kwa sababu umeona uvivu kugawanya.

Tena sijauliza bado alianza kusogea lini. Mtu wa kawaida huhitaji kama robo ya sekunde kuitikia anachokiona, ndiyo maana bondia hukwepa ngumi kwa kusoma bega la mpinzani, wala hashindani mbio na ngumi yenyewe. Mchoraji akikuonyesha jicho la shujaa limeganda kwenye mkono wa mchawi kabla radi haijatoka, ameshakueleza kilichotokea. Picha hiyo mnairuka makusudi. Na radi yenyewe, kama wahusika wanapata muda wa kusemezana wakati inakuja, kwa nini mnaipa kasi ya radi ya mawinguni?

Sasa nije kwenye kilichonitoa povu jana, Dragon Ball, katuni ya Kijapani ya wapiganaji ambayo shujaa wake ni Goku. Mzee Roshi, mwalimu wa Goku, aliuvunja Mwezi kwa pigo la nishati akiwa Duniani. Baadaye Piccolo, mpiganaji mwingine, naye akauvunja. Kutoka Dunia hadi Mwezini ni wastani wa kilomita 384,400, na mwanga wenyewe hutumia zaidi kidogo ya sekunde 1 kufika. Wachambuzi wanasema: pigo lilifika mara moja, kwa hiyo lina kasi ya mwanga, kwa hiyo kila aliyewahi kukwepa pigo lolote la mtu yeyote katika hadithi hiyo ana kasi ya mwanga. Kwa hiyo, kwa hiyo, kwa hiyo.

Lakini mwandishi huyo huyo ametupa umbali na muda kwa mkono wake, tena katika sehemu ambayo shujaa hana sababu ya kuzembea. Njia ya Nyoka, barabara ya ahera ambayo Goku aliipita alipokuwa amekufa, ina urefu wa kilomita milioni 1. Goku aliipita mara ya kwanza kwa miezi. Aliporudi, tayari akiwa amefundishwa na Kaio, mungu anayeishi mwisho wa njia hiyo, na huku rafiki zake wakiuawa mmoja mmoja, bado safari haikuwa ya kufumba na kufumbua. Mpe siku moja tu, saa 24, nakuwa mkarimu kabisa: inatoka kama kilomita 11.6 kwa sekunde. Mwanga ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Tofauti hapo ni zaidi ya mara 25,000! Hii ni hesabu ya darasa la saba, na hakuna hata mmoja jana aliyeigusa.

Mtaniambia alikuwa anatunza nguvu kwa ajili ya pambano. Sawa, nakubali kabisa. Ila ukisema hivyo umeshakiri kwamba tukio lina mazingira yake na haliwezi kung'olewa hivi hivi. Basi lipe na tukio la Mwezi haki hiyo hiyo. Katika hadithi hiyo, watu wa kabila la Goku wakiuona mwezi mpevu hugeuka manyani makubwa, na mwandishi alitaka Mwezi utoweke ili wasigeuke. Hakusimama na saa mkononi kupima pigo linafika lini. Huwezi kudai mazingira pale namba inapokuumiza na kuyafuta pale inapokupendeza.

Katika hadithi hiyo hiyo, adui mkuu Frieza anasema sayari ya Namek wanakopigania italipuka baada ya dakika tano, kisha pambano linaendelea kipindi baada ya kipindi. Kwa kanuni zenu tungezigawa dakika tano hizo kwa ngumi zote zilizopigwa. Muda wa hadithi hunyooshwa na kukunjwa kulingana na uzito wa tukio, na mtu asiyelijua hilo hapaswi kumfundisha mwenzake namna ya kusoma.

Halafu kuna wanaotoa namba za nishati bila kujua wamesema nini. Mtu wa kilo 80 akikimbia kwa sehemu moja ya kumi tu ya kasi ya mwanga, mwendo wake unabeba nishati ya zaidi ya megatani 8 za TNT. Hiyo ni mara mia kadhaa ya bomu la Hiroshima, ndani ya mwili mmoja. Mhusika wenu anakimbia kwa "kasi ya mwanga" kwenye uwanja wa nyasi, na nyasi zimesimama. Anamgonga adui, adui anatoka damu puani. Ama kasi hiyo haipo, ama dunia ile haifuati fizikia yetu. Kama haifuati, wekeni vikokotoo chini.

Na mnyororo! A kamshinda B, B alimzuia C, C ana nguvu ya mwanga. Katika One Piece, katuni nyingine ya Kijapani, ya maharamia, mzee Rayleigh aliuzuia mguu wa Kizaru, aliyekula tunda linalompa uwezo wa kugeuka mwanga, basi ghafla mabaharia nusu wa hadithi wana kasi ya mwanga. Hadithi yenyewe imetueleza kwamba kuna nguvu iitwayo Haki inayomwezesha mtu kuhisi shambulio kabla halijafika. Mbona mnaisahau?

Shujaa Akile (Achilles) katika Iliadi, utenzi wa kale wa Wagiriki, anaitwa mwepesi wa miguu kila mara, hiyo ndiyo sifa yake kuu. Alimkimbiza Hekta mara tatu kuzunguka kuta za Troya na hakumkamata, mpaka mungu wa kike Athena alipomlaghai Hekta asimame. Na Fumo Liyongo wetu, ambaye hakuna jeshi lililomweza, aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa mtindo wenu, aliyeshika sindano ile angewekwa juu ya majeshi yote. Hadithi imekupa sharti la kifo chake waziwazi, na sharti hilo ndilo linalompa Liyongo uzito wake. Ukilifuta ili upate namba, umemuua mara ya pili.

Nawapenda hawa wahusika. Nimekua nao. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anafungua kitabu kizuri na anachotoka nacho ni namba yenye sifuri kumi na mbili.

Sasa, wale watatu wa jana mpo humu na mnanisoma. Sitaki matusi. Nataka mnieleze safari ya Goku kwenye Njia ya Nyoka inakaaje na kasi ya mwanga mnayodai. Wekeni umbali, muda, na mmevitoa ukurasa gani. Nasubiri.