Tupeane uzoefu: duka la mtandaoni ambalo mwenye biashara ndogo analimudu mwenyewe

Mleta mada, Tanga

Habari zenu, ndugu zangu. Ninauza viungo vinavyotoka Amani, wilayani Muheza: iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Ninavifungasha nyumbani katika pakiti za kuanzia gramu 50 hadi nusu kilo, na wateja wangu wengi hunipata kwa simu.

Mwezi uliopita niliuza pakiti moja ya mwisho ya iliki kwa watu wawili. Wa kwanza alilipa saa tatu usiku, ujumbe wake wenye namba ya muamala ukafunikwa na jumbe nyingine nisiuone. Wa pili alilipa asubuhi, nami nikamfungia mzigo na kuupeleka kituo cha basi. Jioni yule wa kwanza aliponipigia kuuliza mzigo wake umefika wapi, nilifungua daftari nikakuta jina lake halimo kabisa. Nilimrudishia fedha na makato ya kutuma nikayabeba mimi, lakini hajanunua kwangu tena, na hilo ndilo linaloniuma.

Ndiyo sababu nimeanza kutafuta duka la mtandaoni lenye hesabu ya mzigo ndani yake. Kila ninayemuuliza ananisifia uzuri wa kurasa, ilhali ninachotaka kujua ni hiki: duka likishafunguliwa, ni nani anayebadilisha bei, anayepunguza idadi ya pakiti na anayehakikisha kwamba fedha imeingia, na kazi hiyo inamchukua muda gani kwa siku? Sina kompyuta, natumia simu, na msaidizi wangu ni binti wa dada yangu ambaye huja akitoka shule. Naomba kila mmoja aeleze aliyoyapitia mwenyewe.

Muuza vitenge, Kariakoo

Pole sana, mwanangu. Mimi ninatumia WhatsApp Business tangu ilipotoka mwaka 2018, na katalogi ilipoongezwa mwaka uliofuata niliacha kutuma picha mojamoja kwa kila anayeuliza. Haina ada ya mwezi, na mteja anaona picha, bei na maelezo bila kunisubiri.

Niseme ukweli, katalogi haikuhesabii mzigo. Doti ya mwisho ikiuzwa ni lazima uiondoe mwenyewe, na mimi nimejiwekea sharti la kuiondoa kabla sijaikunja na kuitia mfukoni. Hata hivyo, kwa jinsi ulivyolisimulia tukio lako, naona kilichokuponza zaidi ni kupotelewa na mteja aliyekwisha kulipa, na dawa ya hilo tayari unayo mkononi. Humo ndani zipo lebo za rangi: oda mpya, inayosubiri malipo, iliyolipwa, iliyokamilika. Kila ujumbe wa muamala unapoingia, mwekee mteja huyo lebo ya aliyelipa papo hapo, hata kama umeamshwa usingizini. Asubuhi unafungua lebo hiyo peke yake, na waliomo ndio unaowafungia mizigo.

Tena usilitupe daftari. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilipozimika kwa takriban saa sita, nilikuwa na watu wanne waliokwisha kulipa. Namba zao zilikuwa kwenye daftari, nikawapigia simu ya kawaida, na mizigo ikaondoka.

Mshona viatu vya ngozi, Nairobi

Mimi nilichagua WooCommerce, programu ya kuendeshea duka la mtandaoni, na bado niko nayo. Yenyewe ni ya bure na inakaa juu ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, lakini asikudanganye mtu kwamba duka ni la bure: utalipia jina la tovuti kila mwaka, utalipia mahali pa kuihifadhi, na utamlipa fundi wa kukuunganishia malipo. Faida yake naiona kila siku. Mteja anachagua kiatu na saizi, anaandika namba yake, simu yake inamwomba namba ya siri ya M-Pesa, na akishaidhinisha, oda inajiandika kuwa imelipwa na idadi ya saizi hiyo inapungua yenyewe. Mambo ya kuuza jozi moja kwa watu wawili yalikoma.

Sasa nieleze kilichonigharimu. Fundi wa kwanza aliyenijengea tovuti aliliandikisha jina la duka kwa jina lake na barua pepe yake, nami sikuuliza kwa sababu sikujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza. Mwaka wa pili muda wa jina ulipokwisha, taarifa ya kulipia ilikwenda kwake, simu yake ikawa haipatikani, na duka langu likafungwa katika majuma ya shule kufunguliwa, wakati ambapo ninauza viatu vya wanafunzi kuliko wakati mwingine wowote. Kulirudisha jina hilo kulinichukua wiki tano za barua na risiti. Kwa hiyo, dada, jukwaa lolote utakalochagua, jina la tovuti, akaunti ya malipo na nenosiri kuu viwe kwa jina lako na barua pepe unayoifungua wewe.

Jambo la pili ni masasisho. Programu hii ina vipande vingi, na kila kipande kina siku yake ya kusasishwa. Niliwahi kusasisha bila kuweka nakala ya akiba, na ukurasa wa malipo ukapotea kwa siku mbili: watu waliviona viatu lakini hawakuweza kuvilipia. Siku hizi Jumapili jioni ninatenga saa nzima kwa kazi hiyo, kwanza nakala, kisha masasisho, kisha ninajiuzia kamba za viatu ili nione kama malipo yanapita. Kama huna saa hiyo kila juma, fikiri mara mbili.

Muuza nguo za watoto, Mwanza

Nilijiunga na jukwaa la kigeni la kulipia kila mwezi, na kwa urahisi sijaona mfano wake: jioni mbili tu nguo 60 zilikuwa zimepangwa, na mdogo wangu alijifunza kubadilisha bei kwa simu siku hiyohiyo. Shida ilikuja kwenye ada, ambayo ni ya dola na inakatwa kwenye kadi. Kadi yangu ilikwisha muda nikiwa msibani kijijini, na niliporudi nikakuta duka limefungwa. Weka kikumbusho cha tarehe ya ada na tarehe ya kadi, na pigia hesabu mwezi ambao hutauza kitu, kwa sababu ada haitazami mauzo.

Mnunuzi, Muscat

Nami niseme kwa upande wa anayenunua. Nikiwa Oman siwezi kulipa kwa lipa namba ya Tanzania, na nikiona mtu ameandika “bei njoo faragha” ninaondoka. Ukiwa na mpango wa kutuuzia sisi wa nje, hakikisha bei na uzito viko wazi, kadi inakubalika, na gharama ya kusafirisha inaonekana kabla sijalipa.

Mleta mada, Tanga

Shikamoo mama wa Kariakoo, na asanteni nyote. Lebo nilizianza usiku uleule, na kwa siku tisa sasa hakuna aliyelipa akapotea.

Nimesoma pia masharti ya Shopify, jukwaa la kigeni la maduka ya mtandaoni, kwa kuwa wengi wanaitaja. Huduma yake yenyewe ya malipo haijafika Tanzania, kwa hiyo muuzaji anapaswa kuunganisha wakala wa malipo, yaani kampuni nyingine ya kupokea fedha za wateja mtandaoni, na katika mpango wa Basic jukwaa hutoza asilimia 2 ya kila mauzo juu ya makato ya wakala huyo. Kwa oda ya shilingi 20,000 hiyo ni shilingi 400, mbali na ada ya mwezi. Kwenye iliki ningeibeba. Kwenye pakiti ndogo za mdalasini faida yangu ni nyembamba, ningejikuta nafanya kazi ya kulipa ada.

Kuuza ndani ya soko la mtu mwingine nako nilikufikiria, lakini ninakumbuka kwamba Jumia ilisitisha shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na sitaki orodha ya wateja wangu ikae mahali ambapo sina sauti.

Nimeamua hivi. Miezi mitatu hii nitabaki na katalogi na lebo, nikiandika kila siku idadi ya oda na dakika ninazotumia kuzishughulikia. Oda zikizidi 15 kwa siku nitafungua duka la WooCommerce lenye bidhaa nane tu, nalo litajaribiwa na binti wa dada yangu, si mimi. Akishindwa kubadilisha bei bila kuniita, nitatafuta jingine. Jina la .co.tz nimekwisha kuliulizia, na litaandikishwa kwa jina langu.

Ndugu wa Nairobi, naomba unisaidie kwa jambo moja: nakala yako ya akiba ya kila Jumapili unaihifadhi wapi, na umewahi kuirejesha ukaona kweli inafanya kazi?