Naomba ushauri: Halo 3 kwenye kipindi cha vijana kanisani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri wa wanaohudumia vijana, hasa kwenye makanisa ya Waswahili huku Marekani.

Vijana wetu ni wa miaka 12 hadi 18. Wavulana wanaitaka Halo 3, mchezo wa video wa kupigana risasi, na sababu iko wazi: mashine nne za Xbox 360 zikiunganishwa kwa waya, watu 16 wanacheza pamoja. Ila ESRB, shirika linalopanga michezo ya video kwa umri, imeipa alama M, yaani miaka 17 na kuendelea, kwa ajili ya damu na ukatili.

Tumejaribu fomu ya ruhusa ya wazazi. Haisaidii, kwa sababu wadogo husimama nyuma ya viti wakaona kila kitu. Kufunga mashine kwa namba ya siri kunazuia kucheza, si kutazama. Halo 5 ina alama T (13+), lakini haigawanyi skrini, kila mchezaji anahitaji Xbox One yake. Hela hiyo hatuna. Na FIFA, mchezo wa video wa mpira? Wakubwa wanaondoka kabla ya neno.

Maswali yangu: mliotenga chumba cha wakubwa, mlangoni mnamweka nani? Na ni mchezo gani usio na mauaji unaochukua watu wanane au zaidi kwa mashine chache?