Mrejesho: upepo wa pine za remoki, Lubumbashi–Kolwezi

Wakubwa, asanteni sana. Niliuliza kwa nini pine za remoki yangu, ile yenye kitanda ndani, zinachemka njiani. Nilikuwa natia upepo wa bari 2.5 kama za gari. Nimemfuata aliyesema nisome ubavuni mwa pine: psi 65, yaani bari 4.5 hivi. Nikajaza alfajiri, zikiwa bado baridi. Likasi nikasimama, nikazigusa: vuguvugu tu. Kipimo kilikuwa kimepanda, kwado, yaani fundi wa pine, akataka kupunguza, nikamkatalia, maana mlinionya nisipunguze pine zikiwa na moto.

Ila ya kushoto ilitoa nundu kabla ya Kolwezi. Kumbe imeandikwa 1915, yaani ilitengenezwa wiki ya 19 ya mwaka 2015, imezeeka! Hapo upepo haukuwa dawa. Nimenunua mbili mpya. Kwenye mashimo remoki inarukaruka kuliko zamani, vikombe viwili vimeshavunjika.