Naombeni ushauri: nakula usiku kwa kujificha na nimeshindwa kuacha

BintiNgamiani
Habari za jioni wadau. Hili jambo sijawahi kulisema hata kwa mdogo wangu. Nina miaka 34, naishi Ngamiani hapa Tanga, nina mume na mtoto mmoja. Shida yangu ni kula, na sio kule kupenda chakula, yani tumbo limeshajaa kabisa lakini mkono hausimami. Nikitoka kazini napita kwa mama wa vitumbua nachukua vya elfu mbili nasema vya nyumbani, napanda bajaji, mpaka nashuka havipo, gazeti nalikunjakunja nalitupa kabla sijafika mlangoni halafu naingia nanawa nakaa kula tena na wenzangu kama sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Usiku wakilala ndo balaa. Naenda jikoni bila kuwasha taa, nafungua hotpoti polepole isilie, nakula chapati za asubuhi nimesimama, za baridi hivyo hivyo, hata ladha siisikii, nikimaliza nalia.

Nimejaribu kufunga Jumatatu na Alhamisi, kumbe ndo naharibu zaidi, ikiadhiniwa magharibi nakula mihogo, kaimati, uji, mpaka kusujudu inakuwa tabu.

Kilichonifanya niandike leo ni mwanangu, ana miaka 7. Asubuhi nafungua begi lake niweke daftari nakuta vipande viwili vya mkate kwenye mfuko, namuuliza vya nini, akaniambia mama nimeficha vya kwangu usije ukavimaliza usiku. Kumbe anajua jamani. Leo sijaenda kazini.

Huu ni ugonjwa au uroho wangu tu? Na nikienda hospitali nitasema naumwa nini? Naogopa nikionekana kwa daktari wa akili mtaani watasema nimepelekwa Lutindi, kule hospitali ya wagonjwa wa akili.

MzeeWaPwani
Pole binti yangu ila nikwambie ukweli, huo ni uroho. Jiko lifungwe kufuli, ufunguo akae nao mumeo. Utazoea.

NesiMstaafu
Mzee wangu shikamoo, ila hapo sikubaliani na wewe. Mroho anakula anafurahi, huyu anakula gizani analia. Mdogo wangu, ulichoeleza kinajulikana, kwa Kingereza kinaitwa binge eating disorder. Madaktari wa akili wa Marekani walikiingiza rasmi kama ugonjwa kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili, DSM-5, mwaka 2013: mtu anakula kingi kwa muda mfupi na hawezi kujizuia, anakula mbiombio, anakula bila njaa, anapitiliza mpaka anaumia, anajificha kwa aibu, baadaye anajichukia. Ikitokea walau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3 ndo wanahesabu. Na sio lazima uwe mnene, wembamba pia wanayo.

Kuna na neno uraibu wa chakula, hilo wataalamu bado wanabishana nalo, kwenye kitabu hicho halimo. Ila watafiti wa chuo cha Yale walitoa maswali 25 mwaka 2009 ya kulipima, wakifuata vigezo vile vile vya ulevi. Angalia unachokimbilia, ni vitumbua na kaimati, sio mchicha. Sukari, mafuta na unga mweupe vinachokoza ubongo utoe dopamini, ile kemikali ya kutia hamu, inawezekana ndo maana nia peke yake inashindwa.

Funga za sunna ziache kwa sasa. Kushinda na njaa ndo kunakoleta fujo ya jioni. Kula asubuhi, mchana na usiku kwa saa zake. Hospitali mwambie daktari hivi: nakula mpaka naumia, nashindwa kuacha, najificha. Inatosha. Apime sukari na presha, halafu akupe rufaa ya afya ya akili, hata hapo hospitali ya Bombo unaweza kuuliza. Tiba kubwa ni mazungumzo, unaenda unaongea unarudi kwako kupika. Na Lutindi nayo ni hospitali tu, tuache kuitajataja kama tusi.

JamaaWaChumbageni
Mi mwanaume na nimepitia humo humo dada. Kwangu ilikua soda, chupa 5 kwa siku, na chupa moja ya mililita 350 ina karibu vijiko 9 vya chai vya sukari, hebu piga hesabu. Ilianza baada ya kumzika baba. Mshauri aliniambia niandike kwenye daftari sio nilichokula tu, niandike na nilivyokua najisikia dakika ile kabla sijakishika, wiki ya pili nikaona mwenyewe, kila nikipigiwa simu ya ndugu kuhusu ile nyumba ya baba basi mbio dukani. Kama Kingereza kinapanda kuna Overeaters Anonymous, kundi la watu wenye shida hii wanaosaidiana, walianza Los Angeles 1960, hawatozi ada, mikutano ya simu na mtandaoni ipo. Nilivyosikia mtu wa mbali kabisa anasimulia jiko lake usiku nilitetemeka.

Ila kabla ya yote mwambie mumeo. Mtoto asiachiwe kazi ya kukuchunga.

BintiNgamiani
Nimesoma zote, Mungu awalipe. Nimemwambia jana baada ya isha. Alinyamaza sana, halafu akasema alikua anasikia mfuniko wa hotpoti kila usiku akadhani naficha kula kwa sababu hela anayoacha haitoshi. Tumelia wote. Jumatatu nataka kwenda ila yeye yupo safari, na peke yangu najijua, nitafika getini nigeuze.

UmmuMakorora
Mi nipo Makorora shoga. Nitakupitia saa moja na nusu asubuhi, tunakunywa chai kwanza. Angalia inbox.